Kuhusu Swali Lako la Rangi ya Mdomo

Nyambura mwanangu,

Salamu sina haja ya kukuandikia, maana tumesalimiana asubuhi na tutasalimiana tena ukirudi kutoka kuwaaga wenzako wa kwaya. Nakuandikia kwa sababu jana ulisimama mbele ya kioo cha baba yako cha kunyolea ukaniuliza, "Mami, kesho kutwa nikitoka, nijipake ama nisijipake?" Nami nikajifanya nasikiliza redio. Walikuwa wanasoma habari za mkulima bora wa Moiben, na unajua vizuri kwamba mkulima bora wa Moiben hanihusu ndewe wala sikio. Nilikuwa natafuta muda tu.

Sasa nyumba imetulia. Baba yako yuko kwa ng'ombe, mvua ya mchana imewafukuza wateja wote, nami nimeketi nyuma ya kaunta ya duka letu hapa Yamumbi nikiwa na kalamu na karatasi za kutosha. Sitakuandikia mambo ya kufua na kupika wala ya kufunga mlango. Hayo unayajua, na usiyoyajua utafundishwa na Kisumu yenyewe upende usipende. Nataka kuandika juu ya uso wako tu, maana naona ndio unaokusumbua kuliko sanduku.

Kwa jirani zetu wengine hili lingekuwa jambo dogo. Kwetu limekuwa kubwa, na nalieleza jinsi lilivyo ili ujue kwamba nimeliona. Yule mama meneja wa hoteli alikuambia wazi siku ya intavyu kwamba mapokezi si mahali pa uso mkavu, usiopakwa kitu: blauzi nyeupe, nywele zilizochomwa zikanyooka, na mdomo uliopakwa rangi, kuanzia siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni kesho mchana. Lakini kesho alfajiri, kabla hujapanda gari, akina mama wa kanisa watakuja hapa kukuombea, na anayewaongoza ni shosho yako, mama wa baba yako. Na shosho yako alisema Jumapili, pale mlangoni, kila mtu akisikia: "Mimi siwezi kuweka mkono kwa mtoto ako na mdomo kama paka imekula kuku. Hata kama ako na jina langu."

Nilikusikia jikoni baadaye. Ulisema ni moshi. Nyambura, wewe umelala kitanda kimoja na shosho tangu ulipoachishwa ziwa mpaka ulipoenda bodingi. Najua unataka akushike mikono, akuombee, kisha akutemee mate kidogo viganjani kama wazee wetu wanavyofanya, jambo ambalo hata wokovu haukuweza kumwachisha. Ukienda bila hilo utaenda, lakini utakuwa unageuka nyuma kila siku. Mimi ni mama yako na sitaki uende hivyo.

Najua pia mpango ulioupanga. Utatoka na uso mkavu, wamama wataimba, shosho atakubariki, na mkikaribia Kisumu utatoa kioo kidogo ujipake humo humo garini. Ni mpango mzuri. Mimi niliutumia kwa miaka sita, na ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla ya duka hili nilikuwa na kazi mjini, kwenye ghala la vipuri vya trekta, nikipiga taipu na kupokea wateja. Baba yako na mimi tulikuwa hatuna muda mrefu tangu tuhamie huku kutoka Nyeri, pamoja na mama yake. Wiki ya kwanza meneja aliniita akaniambia, "Madam, customers wetu ni wakulima wakubwa. Wewe unakaa ni kama umetoka kukamua." Na kweli nilikuwa nimetoka kukamua. Tulikuwa na ng'ombe wawili na zamu ya asubuhi ilikuwa yangu. Nilishindwa hata kukasirika, maana mtu hakusema uongo.

Aliyeniokoa ni Akinyi, msichana wa simu, aliyetoka pande za ziwa, ambaye sijapata kumwona akimwomba mtu yeyote radhi kwa kitu kilichokuwa usoni mwake. Alinikalisha kwenye kiti chake, akafungua droo, akanishika kidevu.

"Sema 'oo'. Usicheke. Ukicheka itaenda kwa meno."

"Kanisani kwenu hawakukatazi?"

"Nani anikataze? Pastor wetu akiwa kwa altar anaangalia kitabu yake. Wenu anaangalia nini?"

Nilipojitazama kwenye kioo chake nilifurahi. Sitakudanganya juu ya hilo. Nilifurahi mpaka nikaona haya kwa kufurahi, na mchana kutwa nilikuwa nikipita dirishani bila sababu ili nijione kwenye kioo cha dirisha.

Jioni ndiyo ilikuwa na kazi. Wakati ule kanisa letu lilikuwa kali kuliko unavyolijua wewe. Mwanamke aliyeokoka hakupaka rangi, hakuvaa herini, hakuchoma nywele. Waliokuwa navyo walivitoa mbele za watu siku ya ushirika wakatubu kwa majina, lipstiki hii niliinunua wapi, herini hizi nani alinipa. Shosho yako ndiye aliyekuwa akipokea vitu hivyo kwenye kikapu. Kwa hiyo nikitoka mjini kwa miguu, kabla ya kuvuka reli, palikuwa na ua mrefu wa kayaba wenye miiba, nami nilikuwa naingia nyuma yake na kitambaa na mafuta kidogo, najisugua mdomo mpaka unawaka.

Nilidhani nimejigundulia mahali pa siri. Siku chache baadaye nikamkuta pale mwalimu wa shule ya msingi akijisugua kwa kipande cha gazeti, na muuguzi wa zahanati akiwa na chupa ya maji. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mahali pale, na sijui aliyeitunga. Kila mtu aliutazama ua, akamaliza shughuli yake, akavuka reli. Tukishavuka ndipo tunageuka na kushangaa.

"Ai, Mama Nyambura, kumbe umetoka job?"

"Nimetoka, mwalimu. Kwema huko?"

Tulikuwa wanawake wazima, wenye kazi na watoto, na tulifanya hivyo jioni baada ya jioni. Nikiwaza leo hucheka peke yangu. Wakati ule sikucheka, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Sasa sikiliza lililonipata. Siku moja Akinyi aliamua kwamba mdomo hautoshi, akanipaka na wanja. Jioni mvua ilininyeshea njiani, nami nyuma ya kayaba nikafuta mdomo kama kawaida, nikasahau macho kabisa. Nikafika langoni. Shosho yako alikuwa amesimama pale na debe la maji. Akaniona nina mistari miwili myeusi kutoka machoni mpaka kidevuni, akaweka debe chini.

"Nani amekufa?"

Ningeweza kusema ni vumbi. Ningeweza kusema ni grisi ya vipuri. Badala yake neno likanitoka lenyewe. "Shangazi. Yule wa Nyeri."

Nilichokusudia ni kupita tu nikanawe. Lakini unawajua wamama wa kanisa letu. Kesho yake nilipotoka kazini uwanja ulikuwa umejaa. Walikuja na kuni, na maji, na sukari, na kitabu cha nyimbo. Wakanikalisha katikati, wakaniimbia, wakanishika mabega. Mmoja alisema nilie tu, nisijizuie, naye akaanza kulia kwa niaba yangu. Mimi nikalia kweli, kwa aibu, nao wakaniambia hivyo ndivyo vizuri. Na wakati wote huo shangazi yangu alikuwa Nyeri akipalilia viazi, mzima wa afya. Baba yako aliposikia habari yenyewe kutoka kwangu usiku, alisema kwa sauti ya huzuni, "Alikuwa mtu mzuri sana," kisha akatoka nje. Nilimsikia akicheka kwa ng'ombe mpaka mmoja akalia.

Krismasi shangazi akaja. Hakutuma habari, alikuja tu na kikapu cha viazi mgongoni, na aliyemfungulia mlango ni shosho. Nilikuwa nyuma yake nimekubeba wewe. Shosho alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Akanigeukia mimi, akanitazama usoni, hasa machoni, muda mrefu. Kisha akamgeukia mgeni.

"Karibu ndani," akasema. "Tulikulilia sana."

Shangazi alidhani ndivyo watu wa huku wanavyowasalimia wageni waliokawia. Alifurahi. Mpaka leo huwa anasifu mapokezi aliyoyapata.

Shosho hakuniuliza neno. Tangu siku hiyo alijua, nami nilijua kwamba anajua, na tukaishi hivyo, tukipika jiko moja. Wewe utafikiri hapo niliacha. Sikuacha. Nilikuwa mwangalifu zaidi, nikanunua kioo.

Lililokuja baadaye sijapata kumsimulia mtu, hata baba yako. Unaijua ile picha yetu iliyoko ukutani, wewe umekaa mapajani mwangu na umenuna. Tuliipiga studio mjini, Jumapili moja, baada ya ibada. Baba yako alikuwa ameniambia nijipake kidogo ili picha isitoke kama ya kitambulisho. Nilijua sakramenti ni wiki inayofuata, kwa hiyo nikajipaka asubuhi, rangi hafifu, nikavaa kitambaa cha kichwa kikishuka hadi kwenye nyusi, nikaketi kwenye benchi nikiwa nimeinamisha uso kama mtu mwenye toba kubwa. Shosho aliketi kulia kwangu, maana wanawake wa nyumba moja walikaa pamoja.

Mchungaji, aliyehudumia makanisa mengi kwa zamu, akaja kwetu wiki hiyo badala ya ile nyingine. Wakaleta mbele meza ya Bwana. Wakatandika kitambaa cheupe.

Siku hizo kikombe kilikuwa kimoja, kikubwa, cheupe, na kilipita kutoka mkono hadi mkono mpaka mwisho wa benchi. Pale mwisho alisimama mzee wa kanisa, akikipokea, akikifuta na kukikagua kabla ya kukipeleka benchi lingine. Nilifuta mdomo kwa nepi yako, kitu pekee kilichokuwa karibu. Nikadhani imetoka. Kikombe kikanifikia, nikanywa, na nilipokishusha nikaona. Pale ukingoni palikuwa na mdomo wangu mzima, mwekundu, wazi kama muhuri wa chifu.

Adhabu niliijua. Kutengwa na meza, kusimama mbele, na jina la nyumba yetu, nyumba ya mama mwenye kikapu, kusemwa njia nzima mpaka mjini. Ningefuta kwa kidole, kila mtu angeona. Mkono wa shosho ukaja ukakichukua. Nikafumba macho. Waliokuwa nyuma walidhani naomba, na kweli nilikuwa naomba.

Nilipofumbua, alikuwa amekigeuza kikombe mpaka alama ikawa upande wake. Akaweka mdomo wake pale pale. Akanywa taratibu sana, akasugua ukingo kwa mdomo wa chini kama mtoto anayemaliza uji, akakipeleka mbele. Mzee wa kanisa alikipokea, akakitazama, hakuona kitu.

Ila rangi ilikuwa lazima iende mahali. Ibada ilipokwisha shosho akasimama mlangoni kama alivyosimama kila Jumapili, akiwasalimia watu wote kwa mkono, na mdomo wake wa chini ulikuwa mwekundu. Si sana, lakini ulikuwa mwekundu. Watu walipita mmoja mmoja. Niliona macho yanashuka mdomoni pake na kupanda haraka. Mke wa mchungaji alifungua kinywa, akafikiri, akasema, "Bwana asifiwe, Mama." Hakuna aliyethubutu. Ungemwambiaje mama mwenye kikapu? Tukarudi nyumbani, akaomba chai, akanywa vikombe viwili, na mambo yakaisha na ile chai.

Mimi nilikonda wiki hiyo nikingoja aseme. Hakusema. Wala kanisani hakulegea hata kidogo, aliendelea na kikapu chake kama zamani. Nilijiambia alifanya vile kuficha aibu ya nyumba, na huenda ni kweli. Lakini alikuwa na njia nyingi za kuficha aibu ya nyumba, na ile ndiyo aliyoichagua.

Usidhani nakuandikia umchukie kwa maneno ya Jumapili. Unakumbuka ulipokuwa darasa la nne, Rais alipokuja mjini, na akina mama wakachaguliwa kumwimbia? Mwenyekiti wao alitoa amri kwamba kila mmoja avae kitambaa cha sare na apakwe poda, kwa sababu kutakuwa na kamera za televisheni na nyuso zinang'aa. Nyambura, wale wale walionifundisha kwamba poda ni ya Yezebeli walipanga foleni hapa dukani mpaka poda ikaisha, wengine wakagawana chombo kimoja, wakatoka weupe kama wameanguka kwenye unga wa posho mill. Shosho yako peke yake alikataa. Chifu mdogo akamwambia ni agizo la juu. Akamjibu, "Mungu alinitoa hivi, na serikali inichukue hivi." Watu walishika vinywa, maana siku hizi hata kukohoa vibaya mbele ya chifu kunaweza kukuletea maneno. Wakamweka mstari wa nyuma kabisa. Aliimba kutoka huko nyuma, na sauti iliyosikika redioni jioni ilikuwa yake.

Kwa hiyo uso wake mkavu ni wake. Hakupewa na mwenyekiti wala na mchungaji. Ndivyo nilivyokuja kuelewa, na nilichelewa kuelewa.

Mimi uso wangu ulikuwa wa watu wengine. Asubuhi ulikuwa wa meneja, jioni wa kanisa, na pale katikati, nyuma ya ua wa kayaba, ulikuwa wa mtu mwenye hofu. Nilipoacha kazi na kufungua duka, hakuna aliyeniambia nijipake na hakuna aliyekuwa na muda wa kunichunguza, maana kanisa nalo lilikuwa limeshalegea. Hapo ndipo nilipojaribu lipstiki nikiwa peke yangu, bila kuogopa mtu, nikagundua kwamba siipendi. Inaharibu chai. Poda naipenda, naipenda sana, na ndiyo maana unaniona nayo Jumapili. Miaka sita nilikuwa najipaka kitu nisichokipenda na kukifuta kwa kukiogopa, na sikupata hata dakika moja ya kujiuliza. Hilo linaniuma kidogo, halafu linanichekesha.

Labda wewe utaipenda. Jana mbele ya kile kioo niliona jinsi ulivyogeuza shingo, na nadhani unaipenda. Baba yako pia anadhani hivyo. Nilipomwambia aseme neno kama mzazi, alinijibu, "Wewe unataka nimwambie mama yangu anawe uso?" Unajua jinsi anavyopenda kujificha nyuma ya jina lako. Tangu ulipozaliwa hajapata kukukataza kitu, kwa madai kwamba ulipewa jina la mama yake, kwa hiyo wewe ni mama yake, na mtu hamkatazi mama yake. Ukiipenda, jipake kwa sababu unaipenda. Usipoipenda, vumilia kazini kama unavyovumilia viatu vya kazi, na ukitoka uivue kama viatu. Kisha ukichoka kabisa, njoo nyumbani au tafuta kazi nyingine, mikono unayo. Lakini usiwe na ua wa kayaba. Hilo tu ndilo nakuomba. Usiwe na mahali katikati ya njia pa kubadilisha uso na kuwapita wenzako bila kuwasalimia.

Ndiyo maana leo, wewe ulipotoka tu, nilifunika sufuria, nikavuka uwanja mpaka kwa shosho. Nilikuwa nimepiga moyo konde. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikaketi, nikachukua ungo upande mmoja, tukachambua wote wawili kwa muda.

"Mama," nikamwambia, "kesho Nyambura atatoka amejipaka. Mimi sitamwambia anawe."

Hakuinua kichwa. "Ni wewe umemwambia ajipake?"

"Hapana. Ni kazi inataka."

"Na kazi ikitaka avue nguo?"

"Atarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Na huyo meneja atamkumbuka."

Hapo alicheka kidogo puani, maana alijua ni kweli. Akatupa jiwe moja nje ya mlango.

"Mimi nilisema nini Jumapili?"

"Ulisema huwezi kumwekea mkono."

"Kuna watu walisikia?"

"Watu wote, Mama."

"Basi siwezi kuja na wale wamama," akasema. "Nikisema kitu kanisani, nimesema."

Sijui nikuelezeje jinsi moyo ulivyonishuka. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini sikujiandaa kwa sauti ile ya upole. Nikaweka maharagwe chini, nikaanza kutafuta jinsi ya kumwomba. Yeye alikuwa anaendelea kuchambua.

"Wakija nitasimama huko nyuma, waombe wao," akasema. "Mimi nitakuja kabla yao, kukiwa bado na giza. Uniwekee taa karibu. Siku hizi macho haioni vizuri."

"Nitamwambia akungoje, Mama. Atajipaka baadaye, ukishaondoka."

Sasa ndipo aliinua kichwa. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile shangazi alipofika, ila macho yalikuwa laini.

"Wewe, miaka hii yote, bado unaficha?" akasema. "Mwambie nimkute amejipaka tayari. Yeye si ni mimi? Nataka kuona ningekuwaje."

Mvua inaisha na nakuona unakuja barabarani, umeshika viatu mkononi. Jibu langu ni hilo, Nyambura. Amka mapema. Kaa karibu na taa, usiwe na haraka, ujipake vizuri, na akiingia mwinulie uso.

Mimi mama yako ninayekupenda,
Mama Nyambura